Neno ya Kuvuka

Ubelgiji, tarehe 20 mwezi wa kumi, 1963

Mama Sidonie,

Nilifika. Mbele ya kukuambia baridi, acha nikuambie haya yenye ilinipata, juu weye njo utanicheka vizuri.

Unajua vile Padri alisema: Mathieu amepiga kinanda ya kanisa yetu miaka yote bila kufundishwa na muntu, basi aende mwaka moja ku université, section ya muziki, arudie na diplome afundishe wengine. Sawa. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wote ni watoto, kama vile mudogo wa Sidonie angekomaa kidogo. Siku niliingia na hizi ndevu zangu, walisimama wote. Walifikiri minye njo profesa mupya. Nilikaa nyuma kabisa.

Profesa akanipeleka ku kinanda yao. Mama Sidonie, ile haiko kinanda, iko nyumba! Mirija ya chuma kutoka chini mpaka karibu na dari. Wao wanaiita orgue. Upepo yake inatoka ku mashine ya umeme, lakini minye sikujua. Nikakaa. Unajua ya kwetu: kama haukanyage, hailie. Nikaanza kukanyaga na miguu mbili kama vile muntu anapanda baiskeli kutoka Kalundu kule ziwani. Kumbe hata chini ya miguu kuko meno ya kinanda, kama yale ya kubonyeza na vidole, ya ile sauti nzito! Ile jengo yote ikanguruma. Mama mumoja mwenye alikuwa anafagia akatupa fagio, akatoka inje.

Profesa akaniuliza: "Monsieur, unafanya nini?"

Nikamujibu: "Natia upepo."

Alinitazama. Akasema: "Hapa upepo iko tayari. Weye cheza tu."

Sijue kama alinicheka ao alinihurumia. Niko nawaza ile neno mpaka leo.

Mwambie ndugu yangu mukubwa Thaddée sisahau vile nilimuachia mbele ya wazee: nyumba, weye, na watoto. Muntu asitoke bila neno yangu.

Mathieu, baba ya Sidonie


Uvira, tarehe 15 mwezi wa kumi na mbili, 1963

Baba Sidonie,

Tulicheka mpaka Thaddée akaanguka mu kiti. "Mudogo wangu amevuka bahari kwenda kukanyaga!" Alinisomesha tena kutoka mwanzo. Unajua yeye hajue kusoma, lakini barua yako anaishika yeye mwenyewe wakati minye nasoma, kama muntu mwenye anashika taa. Nikitaka kuishika, anasema: "Weye soma, minye nashika. Ni ya mudogo wangu."

Kaka yangu Hatungimana alikuja kutoka Bujumbura kununua ndagala, zile samaki kidogo za ziwa. Alisema: "Muntu wa miaka makumi ine kwenda ku université kusoma kinanda! Mwaka kesho atasoma kuruka kamba." Thaddée akamujibu: "Na weye shemeki, ulisomea wapi kutia kidole ku mizani?" Nilifikiri watapigana. Kisha nikawakuta wanakunywa pamoja, kila mumoja anasema mwingine njo alianza.

Ku kanisa kuko taabu. Padri aliita fundi kutoka Bukavu. Zile meno tatu za kinanda zenye zilikufaka kwa unyevu ya ziwa, sasa zimepona. Masista mumoja njo anapiga. Basi kwaya yote imepotea! Weye ulituzoesha kuruka pale penye sauti haiko, na siye tulijua wimbo iko vile. Mama Ernestine alisimamisha wimbo katikati ya Misa, akasema: "Masista, unatia mambo yenye haikuwemo." Masista akamuonyesha kitabu, kwamba iko imeandikwa. Mama Ernestine akasema: "Ile kitabu haijue Mathieu."

Na huko, wanapenda vile unapiga? Uliniandikia miguu. Haukuniandikia mikono.

Agathe, mama ya watoto wako


Ubelgiji, tarehe 28 mwezi wa pili, 1964

Mama Sidonie,

Nilifanya egzame, mutihani ya kucheza, mbele ya walimu. Nilicheza wimbo ya muzee mumoja wa Ujeremani mwenye alikufa zamani sana. Walinisikiliza wote. Nilipomaliza, hakuna mwenye alisema kitu. Profesa alinishika ku bega akaniambia neno yenye sitaisahau.

Sasa iko ile kubwa ya mwezi wa sita. Niko najitayarisha.

Kuko vyumba vidogo vya kujifunzia, kama gereza, ukuta imefunikwa ili sauti isitoke. Lakini sauti inatoka. Ku chumba ya pembeni, binti mumoja anarudilia mustari moja tu, asubuhi mpaka saa ya kula. Nilimuuliza: "Binti yangu, juu ya nini haumalize wimbo?" Akasema: "Sijafika." Na anajua wimbo muzima! Sikumuelewa. Mambo mingi ya huku sielewi, watu wanafanya kichwa "ndiyo", na minye pia nafanya kichwa.

Mikono iko muzuri. Usiniulize tena mikono.

Salamu kwa Thaddée.

Mathieu


Uvira, tarehe 18 mwezi wa ine, 1964

Baba Sidonie,

Mambo imeharibika. Vijana wametoka mu milima na mu bonde ya Ruzizi. Wanasema uhuru ya kwanza ilikuwa ya uongo, sasa iko inakuja ya pili. Wanapakwa dawa ili risasi igeuke maji. Kwetu Mutarule nyumba ya baba mudogo imeungua. Nani aliichoma? Mumoja anasema waasi. Mwingine anasema askari wa leta, wa serikali. Wa tatu anakuuliza: "Na weye, juu ya nini unauliza? Uko upande gani?" Basi siulize tena.

Watu wanavuka kwenda Burundi na magodoro ku kichwa. Kaka yangu ametuma neno: vuka na watoto, nafasi iko. Lakini Thaddée amekataa.

Hana roho mubaya. Alisema: "Mudogo wangu aliniachia watu wake mbele ya wazee. Neno yake njo itawatoa mu hii nyumba. Kama nawatoa minye, na yeye anarudia anakuta mulango imefungwa, nitamujibu nini? Kwamba niliogopa?" Nikamwambia: mukubwa, risasi haiulizi wazee. Akasema: "Najua. Aandike neno moja tu, vuka. Nitawabeba ku mugongo mpaka ku mupaka, hata weye na unene yako." Hata mu hii taabu anafanya mazaha. Lakini anakaa ku mulango na panga, na macho yake imekuwa mekundu.

Baba Sidonie, hii barua nimempa muntu mwenye anavuka, aitie ku posta ya Bujumbura. Andika neno moja.

Agathe


Ubelgiji, tarehe 28 mwezi wa ine, 1964

Mama Sidonie,

Barua yako imefika leo. Ku radio ya huku hawaseme kitu ya Uvira. Watu wa kwetu wanapenda kukimbia. Kelele ya mutungi ikianguka, nao wako ku mupaka.

Mungoje. Egzame ya mwezi wa sita iko karibu. Nikipata diplome nakuja mara moja. Nataka nikukute mu nyumba yetu. Sitaki kushuka na valise ya nguo ku lupango, nyumbani kwa kaka yako, nabisha hodi kama mugeni, na yeye anacheka na meno yote. Tena mukivuka, Padri atatia watu wengine mu ile nyumba yetu ya misioni, na siye tutakuwa watu wa wapi?

Mwambie Thaddée afunge mulango muzuri. Mungoje. Ni wiki kidogo tu.

Mathieu


Ubelgiji, tarehe 20 mwezi wa sita, 1964

Kwa shemeki Hatungimana, Buyenzi, Bujumbura

Shemeki,

Sijakuandikiaka hata siku moja. Leo nakuandikia kama muntu mwenye amepiga magoti. Nilisoma mu gazeti kwamba Uvira iko mikononi mwa waasi tangu mwezi wa tano. Naandika kule, hakuna jibu. Sina muntu mwingine upande ile isipokuwa weye, mwenye sikukupenda.

Dada yako aliniomba neno ya kuvuka. Thaddée alikuwa anangojea tu ile neno. Minye niliandika: mungoje. Nilisema iko egzame ya mwezi wa sita.

Shemeki, hakuna egzame. Yangu iliishaka mu mwezi wa pili. Sikiliza vile ilikuwa. Ile wimbo nilikuwa naijua yote ku kichwa. Nikacheza. Lakini mikono yangu ilijifunza ku kinanda ya Uvira, yenye meno tatu ilikuwa imekufa, na pale penye hizi meno ziko, mikono inaruka yenyewe. Ile nafasi tupu minye siisikie tena. Ninaisikia kama vile imejaa. Nilipomaliza, mwalimu mumoja akauliza: "Sauti zingine ziko wapi?" Nikamujibu kweli, sikuwa nafanya mazaha: "Kwetu zilikufa." Profesa akanishika ku bega akaniambia: "Mathieu, hauchezi muziki. Unacheza ugonjwa ya ile kinanda." Wakanitoa mu wale wenye wanacheza. Waliniacha nikae nyuma, nisikilize tu mpaka mwaka iishe.

Na minye niliandika nini nyumbani? Kwamba niko najitayarisha. Na dada yako alipolia, sikuwaza watoto. Niliwaza weye, vile utacheka. Shemeki, niliwafungia mulango watu wangu juu ya kicheko yako.

Kama uko na habari yao, hata mubaya, niambie. Kama uko na hasira, andika hasira. Ninaistahili.

Mathieu


Bujumbura, tarehe 8 mwezi wa saba, 1964

Shemeki Mathieu,

Nimesoma barua yako. Nimeisoma tena nikiwa nimekaa. Unalilia nini?

Dada yangu iko hapa! Na watoto wako hapa, wanamaliza ugali yangu, Sidonie anapika kuliko mama yake. Walifika mbele ya Uvira kuanguka. Na walivuka na neno yako weye mwenyewe. Thaddée aliwaleta mpaka ku mupaka, na pale pale mbele ya watu alinisimulia barua yako bila kuacha kitu: "Mama Sidonie, vuka leo, weye na watoto, usitazame nyuma. Nyumba ni udongo." Alilia akisema. Minye nilishangaa. Nikasema, kumbe ile muzee wa kinanda iko na akili! Tangu ile siku nakusifu hapa Buyenzi kwa kila muntu mwenye ananunua ndagala. Wanawake wanawaambia bwana zao: sikia shemeki wa Hatungimana vile alisema, nyumba ni udongo. Sasa weye unaniletea barua kwamba uliwaambia wangoje! Nani sasa nitamuamini? Baridi imekuingia mu kichwa?

Nilimusomea Agathe barua yako. Akasema moshi ya jiko inamuchoma macho, akatoka inje. Na jiko haikuwa imewashwa.

Thaddée, tulimwambia avuke. Alikataa. Alirudia Uvira siku ile ile. Hatujamusikia.

Kuhusu kucheka: ndiyo, ningecheka. Ningecheka siku moja, kisha ningekupa kiti. Haukujua vile, mupumbafu weye?

Hatungimana


Ubelgiji, tarehe 19 mwezi wa saba, 1964

Mama Sidonie,

Muko wazima. Nimesoma ile mustari mpaka karatasi imelegea.

Lakini nani aliandika "nyumba ni udongo"? Minye sikumbuki. Nimejiuliza kama kuko barua ingine niliandika usingizini. Nimejiuliza kama niliandika vuka, na kichwa yangu njo inanidanganya ili initese. Posta ilibadilisha? Padri alikuandikia? Ile neno ni muzuri, na siyo yangu, najua, juu minye siwezi kusema vile. Niambie. Ninaogopa kufurahi.

Mathieu


Bujumbura, tarehe 6 mwezi wa nane, 1964

Baba Sidonie,

Hakuna barua ingine. Ni ile ile ya kwako, ya mungoje. Tangu tulipovuka sikukuandikia, juu sikujua nianzie wapi.

Ilifika, Thaddée akaishika kama kila mara, watoto wote mulangoni, na majirani wengine wamefunga mizigo wanangojea kusikia. Nikaona mungoje. Nikaiona tena chini. Nikafungua mudomo, nikasoma vuka. Macho yalikuwa ku karatasi yako, mudomo ilikuwa yangu. Thaddée alilia. Alisema: "Hivi njo mwanaume anaandika. Niliwaambia!" Akaweka panga chini, akabeba mutoto wetu mudogo ku bega.

Ya egzame nilijua. Weye mambo ikienda muzuri unaandika nani alicheka na ulikula nini. Ile ya mwezi wa pili uliandika kwamba walinyamaza, na kwamba nisiulize mikono. Nikasema, maskini, wamemuumiza. Sikukuambia, nilitaka unitamkie weye mwenyewe. Basi ile mungoje ilipokuja, nilisema: hii haikuandikwa na bwana yangu. Imeandikwa na haya yake. Na minye sikuolewa na haya.

Usinishukuru. Maliza kusoma.

Ku mupaka nilimwambia Thaddée: mukubwa, tuvuke wote. Akaniuliza: "Barua ilisema nini juu yangu?" Baba Sidonie, sikumutaja. Wakati wa kusoma nilikuwa naharakisha, nilisema "weye na watoto" tu, juu njo siye nilikuwa naona. Nikamwambia: ilisema na weye uvuke. Akanitazama na ile macho yake. "Haukusoma vile kule nyumbani." Nikasema nilisahau. Akasema: "Mama Sidonie, usimuwekee mudogo wangu maneno mu mudomo. Hakunitaja. Maana yake nichunge nyumba." Akakunja ile barua, akaitia mu mufuko ya shati, akarudia na njia ile ile. Alikuwa anatembea kama muntu mwenye amesifiwa.

Sasa sijue. Mvuvi mumoja wa Kalundu anakuja huku na samaki. Anasema aliona muzee amekaa mu mulango ya nyumba ya misioni. Mwingine anasema ile mulango haiko tena. Na barua yako ya kweli iko mu mufuko yake. Kama amekutana na muntu mwenye anasoma, ameishajua. Kama hajakutana, iko anatulindia nyumba juu ya neno yenye nilisahau kubuni.

Kaka yangu anataka kuanza kulaumiana, nani ana kosa kubwa. Nimemwambia anyamaze.

Ule mvuvi wa kwanza anajua kusoma kidogo, na amekubali kupeleka karatasi. Andika kwa Thaddée. Minye ningeweza kuandika hapa na kuweka jina yako. Lakini nimechoka kusema na mudomo yako. Sema weye.

Agathe


Ubelgiji, tarehe 14 mwezi wa nane, 1964

Kwa mukubwa wangu Thaddée, mu nyumba ya misioni, Uvira

Mukubwa,

Weye ushike karatasi. Huyu ndugu atasoma.

Ni minye Mathieu, mudogo wako. Ile barua yenye uko nayo mu mufuko inasema wangoje. Minye njo niliandika vile. Agathe alisoma ingine kwa sauti, na ile yake njo iliokoa watoto. Kama umeishajua, basi unisikie nikisema minye mwenyewe. Kama haukujua, usimukasirikie. Unikasirikie minye, lakini ufanye hasira ukiwa njiani.

Nilikudanganya weye pia. Hakuna diplome. Nimecheza vibaya, wamenitoa. Profesa ameniambia naweza kuanza upya mu mwezi wa kenda, kutoka mwanzo wa mwanzo, pamoja na watoto wengine wapya. Sijamujibu. Kila siku nakaa mu kile chumba kidogo nacheza pole pole, na kila pale mikono inataka kuruka, naisimamisha. Sijue kama ni kujifunza ao ni kutubu. Huku hawatofautishi, wanaita yote kazi.

Lakini hii si ya barua ya leo.

Mukubwa, ile nyumba haina kitu. Acha kitanda. Acha kuku. Mulango, kama iko, uiache wazi. Wazee wenye niliwaita siku ile, kama bado wako, waambie Mathieu ametoa neno ingine. Hakuna muntu wa kukuuliza nyumba, na mwenye alikuachia nyumba njo huyu anakuambia.

Uliwaza sikukutaja juu nilitaka uchunge. Hapana. Sikukutaja juu sikuwa nawaza muntu yeyote isipokuwa minye mwenyewe.

Sasa nakutaja. Thaddée, mutoto wa kwanza wa mama yangu: vuka. Mutumbwi ya huyu ndugu mwenye anasoma, ingia ndani. Usimungoje akunje karatasi.

Mudogo wako,
Mathieu